Safu Mbili za Katikati

Shangazi yangu akitaka kukuona anakutazama sikio. Mgeni asiyejua hugeuka nyuma kuangalia nani kasimama pale. Si dharau, ni ugonjwa. Daktari wa macho alituchorea kwenye karatasi: duara, na katikati ya duara doa jeusi. Pembeni anaona vizuri. Mlango anauona, ndoo anaiona, paka akipita anamfukuza. Lakini kile anachokikazia macho, hicho ndicho kinachozama. Akikuelekea usoni anapata nywele, masikio na mabega, na mahali pa uso pana ukungu.

"Kiberiti," aliniambia tulipokuwa tunatoka hospitali, "leo nimekutana na watu wengi kweli, na hakuna hata mmoja aliyekuja na uso wake."

Kiberiti ni mimi. Jina alinipa yeye nikiwa mdogo, kwa sababu nawaka haraka. Sikatai. Ninachokataa ni watu wanaodhani kuwaka ni ujinga.

Siku ile alikuwa amemuuliza daktari swali moja tu. "Nitapoteza nini kwanza?"

"Kusoma, mama. Na nyuso za watu. Doa litakua, ila hakuna anayeweza kukuambia litakua kwa kasi gani."

Shangazi alikuwa mdarizi. Mito ya makochi, vitambaa vya meza, nembo za sare za shule, vyote vilipita mikononi mwake. Wateja waliomjua walikuwa hawaangalii kwanza mbele ya kitambaa. Walikigeuza, wakaangalia nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mdarizi mvivu anakoficha mafundo yake. Kwa Shangazi nyuma palikuwa safi kama mbele. Aliishi hivyo, bila kona ya kufichia kitu.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alimwita binti yake, binamu yangu, mtoto wake wa pekee. "Njoo ukae hapa dirishani."

Binamu akakaa. Shangazi akaanza kugeuza kichwa huku na huku, kama kuku anayepima punje kabla ya kuidonoa, akimtafuta mwanawe kwa pembe za macho.

"Nataka nikudarizi," akasema. "Uso wako mzima, ukubwa wake huo huo. Nikimaliza, macho yaende yanakotaka."

"Mama, picha zangu zimejaa kwenye simu. Tutazikuza, tutazitundika ukutani."

"Nitaziona kwa kitu gani? Sikiliza, mwanangu. Kitu nilichokishona hakinitoki. Nembo ya shule niliyoishona kabla hujazaliwa naweza kukuhesabia mpaka leo, mshono kwa mshono, nimefumba macho. Vidole vyangu vinashika. Nikiushona uso wako nitakuwa nao. Nisipoushona, nitabaki na masikio yako, na masikio yako, samahani, ni ya baba yako."

Binamu akacheka, kisha akaenda jikoni akawasha moto, na hakukuwa na kitu cha kupika.

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Shangazi auvushe uso wa mwanawe kutoka kwenye macho hadi kwenye vidole, kabla doa halijafika. Tena auvushe sawasawa, maana alituonya mapema: "Nikikosea nitamkumbuka vibaya. Na sitakuwa na jicho la kujisahihisha."

Mimi na Binamu tulikuwa tunafanya kazi duka moja, kwa Mzee Nakala. Hilo nalo si jina lake. Watu walimpa kwa ajili ya kazi yake ya kutoa nakala za kila kitu, kuanzia vyeti mpaka risala za harusi. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele meza ya wateja, nyuma kompyuta, na katikati printa kubwa iliyokuwa na joto la mnyama. Mimi nilichapa na kupanga kazi kwenye kompyuta. Binamu alipokea watu, akapanga kurasa, akabana pini, akajalidi. Mzee Nakala alikuwa na amri moja isiyovunjwa: hakuna kitu kinachokwenda kwenye printa kabla hakijageuzwa kuwa PDF. "Ukishaigeuza PDF imeganda," alikuwa akisema. "Haichezi tena. Ukipeleka ikiwa bado laini, mistari inakukimbia."

Kielelezo cha kudarizi nilikitengeneza mwenyewe. Nilichukua picha ya Binamu, nikaivunja kuwa miraba, na miraba nikaipanga kwenye lahajedwali, lile jedwali la kompyuta ambalo watu hutumia kwa alama za mitihani na orodha za vifaa. Kila kijumba kilikuwa mshono mmoja, na ndani ya kijumba namba ya rangi ya uzi. Vijumba nilivifanya vikubwa kama ukucha wa kidole gumba, ili Shangazi avidake kwa pembe ya jicho. Kwa ukubwa huo uso haukuweza kukaa kwenye karatasi moja, kwa hiyo tuliugawa vipande: paji la uso, jicho la kushoto mpaka katikati ya pua, jicho la kulia kuanzia hapo katikati, kisha mdomo na kidevu. Kila kipande kilikuwa na faili lake, na kila faili lilipimwa litoshe karatasi moja ya A3, ile kubwa ambayo ni sawa na mbili za kawaida zikiwekwa ubavu kwa ubavu.

Hapo ndipo mashine ilipoanza ujeuri. Faili jipya lilizaliwa na karatasi ndogo, A4, kila lilipozaliwa. Nilifungua mpangilio wa ukurasa, nikachagua A3, nikageuza kuwa PDF, ikatoka vizuri. Kesho yake nafungua faili jingine, A4. Nabadilisha tena. Keshokutwa, A4. Ilikuwa kama mtu unayemtajia jina lako kila asubuhi, anaitikia vizuri, na asubuhi inayofuata anakuuliza wewe ni nani.

Nikamwendea Mzee Nakala. "Mzee, niruhusu niiambie mashine mara moja tu, ikumbuke karatasi kubwa."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Anayetaka ndogo atachagua ndogo."

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Kijana, hapa wanapita watu mchana kutwa, wote wanataka ndogo. Mmoja tu ndiye anayetaka kubwa. Mashine ni ya wote, si ya macho ya shangazi yako."

"Huyo mmoja akikosea hana pa kurudia. Hao wote wakikosea wanatoa nyingine."

"Wewe si upo? Uwe unabadilisha. Mkono wako unauma?"

Nilirudi kwenye kiti changu natoa moshi masikioni. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mwenye macho mazima haombwi kamwe kuchagua kitu. Dunia imeshamchagulia, inamsubiri ikiwa tayari imemkalia sawa. Anayechagua kila siku, anayeomba kila siku, anayekumbusha kila siku, ni yule yule aliyepungukiwa. Lakini duka ni la Mzee Nakala. Nikaendelea kubadilisha kwa mkono.

Paji la uso likatoka. Shangazi akalishona akiwa kibarazani, kwenye mwanga, shingo imepinda kama anayechungulia kona. Kilikuwa kitambaa kigumu chenye matundu sawasawa, na yeye aliyasoma matundu kwa ncha ya sindano kabla hajachoma. Akamaliza nywele za mbele, akamaliza nyusi. Tulipokuwa tunarudi jioni alikuwa akituita, "Njooni mwone, ameanza kufika."

Siku ya kipande cha jicho la kushoto mimi sikuwapo dukani. Mzee Nakala alinituma kupeleka ripoti zilizojalidiwa kwenye shule moja nje kabisa ya mji, na Shangazi alikuwa ameshamaliza paji, anasubiri. Binamu hakutaka mama yake alale na mikono mitupu. Faili nililiacha limekwisha kujazwa namba. Kilichobaki kilikuwa kuligeuza na kulitoa. Akakaa kwenye kompyuta, akaligeuza kuwa PDF, akatoa.

Sasa nieleze desturi moja ya duka letu, kwa sababu kila kitu kilianguka hapo. Jedwali likiwa pana kuliko karatasi, mashine inalikata. Linatoka kwenye kurasa mbili, na pembeni kabisa, kile kisichotosha kinatupwa kwenye ukurasa wa peke yake. Huo ukurasa tuliuita mkia. Majedwali ya wateja yalikuwa na mikia kila siku, na kwenye mkia daima kuna kitu kile kile: safu ya mwisho iliyoandikwa "Maoni", ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuijaza. Kwa hiyo mkia hatukuutazama. Mkono wa Binamu uliung'oa mkia na kuutupa kwenye boksi la karatasi chakavu kabla kichwa chake hakijajua. Alikuwa na kasi. Wateja walimsifu kwa kasi hiyo.

Jicho la kushoto likatoka kwenye karatasi ndogo. Kurasa mbili zilizojaa, na mkia, kwa sababu kila karatasi ndogo ilikula nafasi kwa pambizo zake.

Akaung'oa mkia. Kurasa mbili akaziunganisha kwa gundi ya utepe, kwa uangalifu ambao mtu huuweka kwenye kitu cha mama yake, mistari ikakutana na mistari, ikawa karatasi kubwa nzuri. Vijumba vilikuwa na ukubwa ule ule. Niliporudi jioni kazi ilikuwa mapajani mwa Shangazi, na Shangazi ameshachoma mshono wa kwanza.

"Umeona?" Binamu akaniambia kwa majivuno. "Hata bila wewe mji haukuungua."

Kipande cha jicho la kulia nilikitoa mwenyewe, kwenye A3, kikiwa kizima. Shangazi akaunga jicho kwa jicho. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko paji. Tulimwona akisimama njiani, akihesabu, akirudi, akihesabu tena, midomo ikicheza. Tukimuuliza alisema, "Niacheni, nazungumza na nyuzi." Tukadhani ni uchovu.

Mchana mmoja wa mapumziko akaniita kibarazani. Binamu alikuwa uani anaanika nguo.

"Kiberiti, wewe huna ulimi wa sukari. Tazama hapa uniambie. Ni yeye?"

Nikakishika kitambaa kwa mikono miwili.

Haikuwa yeye. Paji lilikuwa la Binamu, nyusi zake, ule mkunjo mdogo wa mtu anayezuia kicheko. Lakini chini yake macho yalikuwa yamesogeleana, pua nyembamba kama imebanwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mwingine, mwenye hila, aliyeketi chini ya nywele za dada yangu. Na kule upande wa kulia wa paji, nywele za juu na za chini hazikukutana; palikuwa na ngazi, na juu ya ngazi ile kulikuwa na mishono ya kuiba, midogo, isiyokuwa kwenye kielelezo, ya kuificha. Nikakigeuza. Nyuma palikuwa na fundo. Nilikuwa sijawahi kuona fundo nyuma ya kazi ya Shangazi.

"Haya, sema."

"Shangazi, hapa pembeni umefanya nini?"

Akapitisha kidole mahali pale, hakulazimika kuonyeshwa ni wapi. "Hapakukutana. Nimehesabu na kuhesabu. Nikajua ni macho, yameanza kunila mishono. Nikapaziba." Kisha kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuizoea kwake, "Sikutaka mjue kwamba nimefika huko."

Nilichukua vielelezo vyote viwili vya macho nikavitandika sakafuni, nikahesabu safu, nikaenda kwa Binamu uani.

"Dada, siku ile ulipotoa kipande cha jicho, zilitoka karatasi ngapi?"

"Mbili. Si nilikuonyesha, nikaziunga."

"Mbili tu?"

"Mbili. Na mkia."

Alilisema lile neno kama tunavyolisema siku zote, halafu akalisikia. Shati alilokuwa analianika likabaki limening'inia mikononi mwake, linachuruzika maji miguuni.

"Mkia ulikuwa na nini?" akauliza, na alikuwa anajiuliza mwenyewe.

"Safu mbili. Katikati ya pua yako."

Hakulia pale. Alisema, "Nimejitupa mwenyewe kwenye boksi," akakaa chini kwenye jiwe la kufulia.

Nilitoka mbio mpaka dukani. Mzee Nakala alikuwa peke yake anapanga bahasha, akaniona nimeingia siku isiyo ya kazi na uso niliokuwa nao, akarudi hatua nyuma.

"Kuna nini? Kuna mtu kafa?"

"Mashine yako ni ya wote," nikamwambia. "Basi leo na mimi ni mmoja wa wote."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshasoma namna ya kuifanya, nilikosa ruhusa tu. Nikafungua faili tupu, jeupe, lisilo na neno. Kwenye mpangilio wa ukurasa nikalipa A3. Nikalihifadhi kama kiolezo, yaani faili mama, kisha nikaiamuru mashine: kuanzia sasa, kila jedwali jipya lizaliwe kutoka kwa huyu. Nikafunga kila kitu. Nikaizima kompyuta. Nikaiwasha tena, maana nilikuwa siiamini. Nikafungua faili jipya, nikaandika neno moja, nikaligeuza kuwa PDF bila kugusa kitu kingine. Ikatoka kubwa. Haikuniuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunywa chai, na hilo ndilo lililonichoma. Ningeweza kuelewa kama lingekuwa jambo gumu.

"Na yale mafaili ya zamani?" Mzee Nakala akauliza nyuma yangu. Alikuwa amesimama pale muda wote.

"Ya zamani yanabaki yalivyozaliwa. Hayasikii. Hayo nitayabadilisha moja moja."

"Kesho walimu wanakuja na ratiba za mitihani. Zitatoka kama mabango ya mkutano."

"Wachague ndogo. Mkono unawauma?"

Nikamweleza habari ya mkia, yote, mpaka fundo. Akarudi kwenye bahasha zake, akapanga ile ile aliyokwisha kuipanga. Kesho yake walimu walipokuja, nilimsikia akinung'unika mbele ya kompyuta, "A4, wapi A4, haya, A4," akichagua kwa kidole chake mwenyewe. Hakurudisha.

Kumwambia Shangazi nilidhani kutakuwa kugumu. Binamu alisema ni kazi yake, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akasema yote kwa pumzi moja: karatasi ndogo, mkia, boksi.

Shangazi akamtazama sikio.

"Kwa hiyo hazikuwapo," akasema.

"Hazikuwapo, mama."

"Sikuzikosa mimi. Hazikuwa kwenye karatasi."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Nilipohesabu nikapata pengo, pengo lilikuwapo?"

"Lilikuwapo."

Shangazi akacheka. Alicheka kicheko kikubwa, akapiga goti lake, akaniita nije nisikie. "Kiberiti! Macho yangu yalikuwa yanasema kweli! Nimeyatukana wiki nzima, kumbe yako sawa!" Na alipoona Binamu bado amejikunja sakafuni, akamvuta sikio. "Inuka bwana. Pua yenyewe ni ya ukoo wetu, hata ikikatwa inaota. Nipe mkasi."

Akaanza kufumua. Jicho la kushoto lilikuwa sahihi, halikuhitaji kuguswa. Ni la kulia lililokaa mahali pasipo pake, lote. Kufumua ni kubaya kuliko kushona. Mshono unaouchoma unaufuata kwa tundu, lakini mshono unaoufumua lazima uuone ulivyolala, uingize ncha ya mkasi chini yake bila kukata kitambaa. Nikamwambia aniache nifumue mimi. Akanipiga kibao cha mkono. "Wewe utanichania mtoto." Binamu akaomba, akanyimwa. Shangazi akafumua kila siku, kuanzia jua linapofika kibarazani mpaka linapoondoka, nyuzi ndogo zikimjaa mapajani kama manyoya. Wakati mwingine alisimama akabonyeza macho kwa viganja, akaendelea.

Siku alipobakiza kidogo, nilikuwa dukani natengeneza vielelezo vipya: lile jicho la kulia, pamoja na zile safu mbili, kisha mdomo, kisha kidevu. Nilifanya makusudi kutogusa mpangilio wa ukurasa. Nikabonyeza tu. Vikatoka A3, kimoja baada ya kingine, vikiwa na joto, vizima, bila mkia hata mmoja. Binamu alisimama kwenye mdomo wa printa akivipokea kwa mikono miwili. Akachungulia nyuma ya kila kimoja. Akachungulia tena chini ya printa. "Hakuna kilichobaki," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimwona akitabasamu. Mzee Nakala akatupa bahasha ngumu ya kuvibebea ili visikunjike. Tulitembea kwenda nyumbani tumeishika huku na huku, kama watu waliobeba kioo.

Shangazi alikuwa amekaa kibarazani, kitambaa mapajani, mikono imelala juu yake. Hakutugeukia.

"Mmekuja na vile vipya?"

"Tumekuja navyo, Shangazi. Vimetoka vyenyewe, vikubwa, hata hatukuvigusa."

"Hongera."

Binamu alisikia kitu katika neno lile kabla yangu. Akachuchumaa. "Mama?"

"Baada ya chakula cha mchana," Shangazi akasema. "Nimefumua uzi wa mwisho, nikainua kichwa nipumzike. Ule ukuta wa jirani ukapinda. Halafu kama mtu amemwaga chai. Ilianza jicho hili, imejaa. Na hili jingine unajua lilivyo." Alisema taratibu, kama anayempa mtu njia ya kufika mahali. "Nikadhani itakauka. Nimeisubiri ikauke."

Tulimkimbiza hospitali na viatu vya nyumbani. Daktari yule yule akaangalia ndani kwa taa, muda mrefu, akasema mshipa umevuja damu katikati kabisa. Binamu akamuuliza kama ni kwa sababu ya kufumua, kama ni ile kazi iliyomchosha. Daktari akasema hapana, hivyo huja vyenyewe, angeweza kuwa amelala. Alisema kwa uthabiti. Binamu aliitikia kwa kichwa, na nilijua kwamba hataamini neno lile mpaka anakufa. Wakamchoma sindano jichoni, wakatuambia turudi, tukarudi, wakamchoma tena. Damu ikakauka. Kilichokuwa chini yake hakikurudi.

Nilivitandika vielelezo mbele yake hata hivyo. Nilivikuza, kijumba kimoja kikawa kikubwa kama kiganja, nikavipeleka kulia, kushoto, juu, karibu na shavu lake. Nilikasirika. Niliikasirikia karatasi. Nilisema tutapata kubwa zaidi, zipo, za ramani, za matangazo, nitaiamuru mashine ile ile.

"Kiberiti, zima," akasema Shangazi. "Zima mwanangu. Si karatasi tena."

Binamu akasema, "Basi mama, nisomee... yaani mimi nikusomee. Nitakutajia namba, wewe uchome."

Wakajaribu. Asubuhi nzima nilisikia sauti ya Binamu ikitaja rangi, mshono mmoja mmoja, na mkono wa Shangazi ukitafuta tundu kwa ncha ya sindano. Ikawezekana kwa mstari mmoja, labda na nusu. Kisha Shangazi akasimama.

"Unanitajia namba," akasema. "Nashona namba. Sikuoni wewe ndani yake. Hii haitakaa vidoleni."

"Basi nifundishe, nishone mwenyewe."

"Ujishone mwenyewe? Utajipendelea." Alitaka wacheke, na hakuna aliyecheka. Akapapasa kitambaa, akaufumua ule mstari aliouchoma asubuhi, kwa kucha, polepole, na safari hii hakuhitaji mkasi.

Kisha akaomba uzi mweupe. Binamu akamtungia sindano. Shangazi akakunja ukingo wa kitambaa mara moja, akakunja tena, akaubana kwa kucha ya kidole gumba, na akaanza kushona pindo. Pindo halitaki macho. Linataka kidole kinachotangulia na sindano inayofuata. Alilizungusha pande zote nne bila kusimama. Mdarizi hakunji pindo mpaka kazi iwe imekwisha, na Binamu alilijua hilo tangu utotoni. Alisimama pale, mkono mdomoni, akimwangalia mama yake anavyofunga kona ya mwisho.

Shangazi akakata uzi kwa meno. Akakikung'uta kitambaa, akakipitishia kiganja mara moja kutoka juu kwenda chini, akakinyoosha mbele yake, upande ambao alisikia pumzi ya mwanawe.

"Chukua. Imekwisha."

"Mama, haina..."

"Najua haina nini. Jicho hilo moja ni lako kweli, nimelipata. Paji nimelipata. Hayo mengine nitakuwa nakuuliza."

Binamu akakipokea, akakaa nacho chini, akakitandika mapajani. Paji la uso, nyusi, jicho moja linalozuia kicheko, nusu ya pua. Baada ya hapo kitambaa kilikuwa cheupe. Nilidhani ni kitupu mpaka alipokiinua kwenye mwanga. Pale alipofumua Shangazi, matundu yalikuwa yamepanuka kidogo kwa kuchomwa na kuchomolewa, mamia ya matundu madogo, na jua la kibarazani likapita ndani yake likamwangukia Binamu shingoni, na yeye hakukishusha.